Namba Iliyomshinda Naftaly

Jumatatu, 3 Juni 1957

Barua! Barua ya Naftaly! Ya kwanza tangu Novemba. Mama ameikumbatia kifuani, ameizunguka nyumba mara mbili nayo kabla hajanipa nimsomee. Kaka yangu yu hai. Naandika tena: yu hai.

Ni ile fomu ya kambi, mistari sita, zaidi hairuhusiwi. Minne ni salamu: "Mama hajambo? Mugure mke wangu hajambo? Mimi mzima, siku hizi nimejifunza kushona viraka." Miaka mitatu kizuizini, na habari anayotupa ni viraka! Halafu miwili ya mwisho ni yangu mimi dadake: "Wangui, 4294967297. Nimeshindwa kuipasua. Jaribu wewe."

Mugure akauliza, hiyo nayo ni nini? Nikamwambia, wifi, mumeo ni yule yule, hawajamharibu. Akacheka mpaka akakaa chini. Hajacheka hivyo tangu siku waliyomchukua.

Kitu kimoja sikipendi. Chini ya ile namba kuna mtu amepiga mstari kwa penseli nyekundu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeijua ile namba! Nilikuwa darasani nawasomea watoto imla, nikanyamaza katikati ya sentensi kama mtu aliyeumwa na siafu.

Tulipokuwa wadogo Naftaly alinifundisha kwamba namba ni kama magogo. Nyingine zinapasuka: 15 ni 3 mara 5. Nyingine, hata ukizigonga vipi, hazina mpasuko: 7, 13, 17. Hizo tuliziita ngumu. Basi alikuwa na mchezo wake. Anza na 2. Izidishe kwa yenyewe, 4. Hiyo nayo kwa yenyewe, 16. Halafu 256. Halafu 65,536. Sasa kila moja iongezee 1, ukianza na ile 2: unapata 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote ngumu! Hiyo ya mwisho ilimla likizo nzima ya Desemba, mimi nikimchongea penseli. Inayofuata hatukuwahi hata kuiandika, karatasi zilituishia.

Ndiyo hii. Amekaa huko kwenye joto na vumbi, akazidisha 65,536 kwa yenyewe, akaongeza moja. Milioni elfu nne na ushei. Nadhani watu wote wa dunia hawafiki hapo. Nimefurahi mpaka nimewapa watoto mapumziko mara mbili.

Jumamosi, 8 Juni

Askari alikuja nyumbani asubuhi. Jumanne niripoti ofisini Nakuru, mimi na barua. Hakusema kwa nini. Nilijua kwa nini. Mzungu mwenye shamba tunakoishi ameniandikia pasi ya kusafiri bila kuniangalia usoni.

Mama aliniuliza askari alitaka nini. Nimesema mambo ya shule. Daftari hili halisomi — yeye husoma Kikuyu tu, na Biblia tu — lakini uso wangu anausoma vizuri sana.

Jumanne, 11 Juni

Nimerudi. Nimerudi! Niko kwetu, uji uko motoni, na mimi ndiye ninayeukoroga.

Ofisini kulikuwa na Mzungu kijana mwenye mafua, kazi yake kusoma barua za kambini, na karani wake Odero, Mjaluo mrefu wa miaka kama arobaini. Mzungu aliigonga barua kwa kidole.

"Hii namba kitu gani? Bunduki? Watu? Njia ya msitu?"

Nikasema ni hesabu, bwana.

"Wewe nafikiri mimi mjinga?"

Kumbe barua aliiachilia makusudi, aone nitaipeleka kwa nani. Nikamwambia niliipeleka ubaoni. Odero akakohoa, akainamia makaratasi yake. Nilieleza yote, magogo, Desemba, 65,537. Mzungu alipiga chafya, akafikiri, akasema, "Kama iko swali, iko jibu. Lete jibu."

Nimepewa wiki mbili, mpaka Jumanne tarehe 25. Nisipoleta, barua basi. Na Naftaly, ambaye jina lake lilikuwa karibu kuingia kwenye orodha ya wanaosogezwa nyumbani, atarudishwa kambi ya wakaidi. Toka huko watu hawaandiki hata mstari mmoja.

Odero alinisindikiza mlangoni. "Mwalimu, hiyo namba tafuta kabisa. Huyu si mtu mbaya, lakini akishaandika kitu kwa faili, hatoi."

Na kama ni ngumu kama wenzake watano? Hilo nililiwaza njia yote ya kurudi kwetu Bahati. Ikiwa ngumu sina jibu la kupeleka. Ili kuhakikisha ningegawa kwa namba zote ngumu mpaka 65,536, na nywele zingekuwa nyeupe kabla sijafika nusu.

Jumatano, 12 Juni

Mugure nimemwambia kila kitu. Mama nimemwambia nusu: kwamba Naftaly ametuma hesabu, na tukiipata itamsaidia kurudi. Hakuuliza nusu ya pili.

Kazi yenyewe si ya akili, ni ya mgongo. Unagawa 4294967297 kwa namba ngumu moja baada ya nyingine mpaka ipatikane moja isiyoacha baki. Shida ni karatasi. Nimeyakata madaftari ya zamani, nimepata vikaratasi 126, kila kimoja namba yake, kuanzia 2 hadi 701. Hapo madaftari yameisha, nasi tutaishia hapo, Mungu amalizie. Nimevifunga kwa uzi wa katani, saba saba, mafungu kumi na nane. Tisa yangu, tisa ya Mugure. La kwanza nimelimaliza hapo hapo: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17. Hakuna. Mengine nimeyaweka kikapuni kando ya kitanda cha Mama, ambako panya hawathubutu.

Mama aliyatazama mafungu muda mrefu. Mbona saba? akauliza. Nikasema kwa sababu 126 inagawanyika kwa saba bila baki, inapendeza. Akaenda kupepeta maharagwe.

Ijumaa, 14 Juni

Mugure anafanyia hesabu kondeni! Anachuma pareto mpaka saa sita, wenzake wakila yeye anachora kwa kijiti chini, kati ya mistari ya maua. Nyapara wao, Kiptanui, akamwuliza anaandika nini. Akamjibu, namtafuta mume wangu. Basi Kiptanui amesimama juu ya hesabu, fimbo mkononi, anafukuza kila anayetaka kupita hapo! Leo kamwonyesha kosa: "Mama, umesahau kushusha hii tisa." Alisoma mpaka darasa la nne, Standadi Foo, kumbe, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mimi nagawa ubaoni watoto wakienda kucheza, jioni nagawa kwenye kibao. Kila jibu nalipima kwa kutupa tisa. Tarakimu za namba yetu ukizijumlisha ni 59, tano na tisa 14, moja na nne 5. Kila hesabu sharti irudi kwenye hiyo tano. Isiporudi nimekosea, naanza tena. Nimeanza tena mara nyingi kuliko nitakavyokubali hapa.

59, hakuna. 61, hakuna. 73, hakuna.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani niligawa kwa 263 kichwani, mahubiri yakiendelea. Mchungaji alidhani nimeguswa. Baki 35, au labda 53. Nikirudia nyumbani nitaona.

Mgongo unauma. Lakini nasema ukweli, sijawahi kuwa karibu na kaka yangu hivi tangu aondoke. Kila baki ninayoipata najua na yeye aliipata.

Alhamisi, 20 Juni

Mafungu yote yamekwisha. Yangu na ya Mugure. Nilidhani tutafika Jumamosi, tumemaliza leo. Mikono imezoea, nilisema.

Hakuna.

Hakuna hata moja.

Ijumaa, 21 Juni

Nimegombana na Mugure. Nilisema vibaya. Nilisema, huenda ulikosea huko kwenye udongo na nyapara wako. Akasema, na wewe huenda ulikosea kanisani. Halafu akasema: "Kwa nini hakuandika tu kwamba ananipenda? Mistari miwili ingetosha."

Nimekasirikia Naftaly leo. Namba! Katika dunia hii, katika miaka hii, mtu anatuma namba!

Siku nne zimebaki. Karatasi sina. Ofisini nitasema nini?

Jumamosi, 22 Juni

Nitaiandika polepole, maana hata sasa nacheka na kulia kwa pamoja na wino unachuruzika.

Asubuhi Mama alinikuta nimekaa na kikapu kitupu. Akauliza, zimekwisha? Nikasema zimekwisha, Mama, haipasuki. Akasema, basi na hizi? Akainua godoro. Akatoa kitambaa chake cha kanisani, kimefungwa fundo. Ndani — vikaratasi! Kumi na saba!

Nikasema Mama, hizi ni nini?

Akasema: "Nilitoa kimoja kimoja, kila fungu. Saba ni namba ya kiapo na ya laana. Wewe unaifunga safari ya mwanangu kwa saba, mafungu kumi na saba yaliyobaki, halafu unayaweka kichwani pangu nilale nayo? Nikayaacha ya sita sita."

Nikasema, lakini Mama, siku ya saba Mungu alipumzika!

"Mungu alipumzika kwake," akasema. "Hakuwa na mtoto kambini."

Kwa nini hukuniambia? Ungebisha, akasema. Kweli, ningebisha. Kwa nini hukuzitupa? Hapo ndipo aliponiangalia kama mtu asiye na akili. "Nitupe karatasi za mwanangu?"

Na mimi, mwalimu wa hesabu! Siku nane nahesabu kila kitu chini ya jua isipokuwa vikaratasi vilivyo mkononi mwangu. Watoto wakinifanyia hivyo nawasimamisha pembeni.

Nilimkimbilia Mugure, nikamwomba msamaha mlangoni kwake kabla hajasema karibu. Tukagawana: tisa zake, nane zangu. Tulikaa jikoni, kila mmoja na kibao chake, Mama katikati akimenya viazi kana kwamba hayamhusu. 31, hakuna. 149, hakuna. 397, hakuna. Nilikuwa nimefika 523 nikasikia kwamba kijiwe cha kuandikia cha Mugure kimenyamaza. Nikainua macho. Alikuwa anafuta. Akaandika tena. Akafuta tena. Akaandika mara ya tatu. Nikasema wifi, kuna nini? Akanigeuzia kibao.

641.

Nimeifuatisha kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu. Sita, saba, sifuri, sifuri, nne, moja. Mwanzoni kabisa ilikuwa imefika 4489, ikabaki 2, karibu sana, ya kumtoa mtu machozi. Ukiendelea mpaka mwisho inarudi pale pale karibu: 4487. Na 641 mara 7 ni 4487. Baki sifuri!

641 mara 6,700,417.

Nikatupa tisa. 641 inakuja 2. Hiyo nyingine inakuja 7. Mbili mara saba 14, moja na nne tano. Tano! Nikazidisha yote kwa urefu, mara mbili. Imekaa. Namba ya Naftaly imepasuka, na aliyeipasua ni mke wake.

Mugure hakupiga kelele. Alijifuta uso na kanga, akasema, "Sasa ajue mimi ndiye niliyeweza." Mama akauliza kama tumepata. Tumepata, Mama. Akasema haya, leteni sufuria. Lakini viazi vyenyewe alivimenya mpaka vikabaki vidogo kama karanga.

Nimelala mchana wa Jumamosi kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Jumanne, 25 Juni

Ofisini saa tatu. Niliweka karatasi mezani: 641 × 6700417. Mzungu, mafua yamemwisha, akamwambia Odero azidishe. Odero alivua koti! Akazidisha kwa mwandiko wake mzuri wa faili, polepole, nami niliona midomo yake inahesabu. Alipofika mwisho akaiweka karatasi yake kando ya barua, chini ya ule mstari wa penseli nyekundu. Tarakimu kumi na tarakimu kumi. Zilikuwa zile zile.

Mzungu alizitazama. Akachukua penseli akazidisha yeye mwenyewe, akakosea, akakata, akaanza tena. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mwishowe akasema, kama mtu anayejisemea, "Mimi nafikiri hii bunduki."

Halafu akaniuliza, "Wewe napata hii namna gani?" Nikasema sikuipata mimi, ni wifi yangu, anachuma pareto. Na mama yangu aliificha chini ya godoro. Odero aliitafsiri hiyo ya mwisho kwa Kiingereza kifupi sana, nadhani aliiruka.

Akaandika kwenye faili. Akanipa fomu ya kujibu, mistari sita.

Nje, chini ya mjakaranda, nilimwuliza Odero bwana ameandika nini. "Maneno mawili tu, Mwalimu. Hesabu tu. Ameandika: hesabu tu." Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi za serikali. Odero alisimama tu ananingoja, halafu akasema, "Hata mimi usiku huu nitalala. Wiki mbili hii namba imesumbua ofisi mzima." Kisha akauliza kwa aibu kama 6,700,417 nayo inapasuka. Nikamwambia ndugu yangu, tafuta mwenyewe!

Jumatano, 26 Juni

Fomu imekwenda. Mistari mitano nimeandika mimi, na jibu. Mstari wa sita nimemwachia Mugure, nikageuka dirishani asione kwamba naona. Alichukua muda mrefu kwa mstari mmoja.

Jambo jingine nimeligundua leo, naliandika hapa nisilisahau. 641 ni 5 mara 128, ongeza 1. Tena 641 ni 625 na 16, yaani 5 × 5 × 5 × 5 jumlisha 2 × 2 × 2 × 2. Nahisi sababu ya kupasuka iko humo ndani, siioni bado. Ningependa kumwuliza mtu. Ningependa kumwuliza yeye.

Alhamisi, 18 Julai

Odero amemtuma mtu wa maziwa na kijibarua. Keshokutwa lori linaleta wanaume kumi na kitu Nakuru, wa kuachiliwa. Ameona orodha kwa haraka. Kuna N. Wanyoike, jina letu. Hajui N ni nani. Akina Wanyoike ni wengi, ameandika, usimwambie mama bado.

Nimemwambia Mama. Siwezi kumficha mtu aliyeficha vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika nimeketi ukingoni mwa mtaro, mbele ya ofisi. Tumefika saa mbili, sasa ni saa nane. Mama, Mugure, mimi. Mugure amebeba kikapu cha viazi vya Dundori, vipya, eti lazima mtu ale akifika. Nani? nikamwuliza. Mtu, akasema.

Wanawake wengi wamekuja. Hakuna anayeongea kwa nguvu. Kila mmoja ana N wake.

Odero amepita na faili kwapani. "Bado, Mwalimu. Lori iko Gilgil."

Saa tisa. Baridi. Mama anakataa kukaa.

Saa tisa na nusu — lori! Linakuja polepole, turubai limefungwa. Limesimama. Askari anafungua nyuma. Wanaanza kushuka. Wote wamenyolewa, wote wamekonda, mashati yale yale. Nitamjuaje? Mmoja. Wawili. Watatu. Wa — Mama amenishika mkono wa penseli. Watu hawahesabiwi, amesema, waache washuke.

Sawa, Mama. Sihesabu.

Yule mrefu siye. Mwenye mkongojo siye. Yule anasaidiwa kushuka, siye. Anayefuata kasimama ukingoni mwa lori, jua liko machoni pake, ameweka mkono kwenye paji la uso, anatafuta, anatazama upande ambao hatupo, na Mugure ameinuka, ameachilia kikapu, viazi vimemwagika vyote vinabingirika mpaka barabarani, naye hata haangalii chini